Divai Nyekundu kwa Mbavu za Musyoka

Kwenye karatasi ya mpango wa mazishi waliandika kwamba kaka yangu Musyoka aliaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nilikuwa nimeketi safu ya pili, kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, nyumbani kwake nje kidogo ya Sultan Hamud, na niliisoma sentensi hiyo mara nne. Alikuwa ameugua kwa miaka. Kila mtu chini ya hema lile alijua, kwa sababu tumbo lake lilikuwa limevimba tangu mwaka uliotangulia na macho yake yalikuwa yamegeuka manjano, na kwa sababu katika mji mdogo mtu hawezi kununua kitu kimoja kila siku kwa miaka saba bila majirani kukijua. Lakini Mchungaji alisimama kando ya jeneza akasema kwamba huyu alikuwa mtu ambaye Mungu alimfungua kutoka kwenye pombe, si mara moja bali mara mbili, na watu wakajibu amina. Mara ya pili nilikuwepo. Najua pia kwamba mara hiyo ya pili isingehitajika kama si mimi na sanduku la divai nililokuja nalo kutoka Nairobi mwaka ule, nikiwa na miaka ishirini na mitano na jibu la kila kitu.

Nilifika kwao mwezi wa Januari. Nilikuwa na shahada ya kemia ambayo hakuna aliyeihitaji, na kwa miaka miwili nilikuwa nimefanya kazi ya kuhudumia meza katika mkahawa mmoja wa wenye pesa, ambako nilifundishwa kusimama wima nikiwaeleza watu ni divai gani inafaa nyama gani. Mkahawa ulipofungwa tuligawana vilivyobaki. Mpishi alichukua sufuria, mlinzi akachukua viti viwili, mimi nikachukua sanduku la chupa sita za divai nyekundu. Mama Ndinda, mke wa Musyoka, alinipa chumba walichokuwa wakitumia kama stoo ya duka lao la chakula cha mifugo. Kitanda kilikaa katikati ya magunia ya chakula cha kuku, na harufu ya omena waliosagwa iliingia kwenye nywele, kwenye nguo, hata kwenye karatasi za maombi ya kazi nilizokuwa nikiandika. Aliponisaidia kusukuma sanduku chini ya kitanda aliuliza mbona zito hivyo. Nikamwambia ni vitabu. "Vitabu vinalia hivyo, wifi?" aliuliza, kwa sababu chupa ziligongana. Nikacheka, naye akacheka, na hakuuliza tena. Alikuwa mwanamke mwenye adabu hiyo, ya kukuachia uongo wako mpaka utakapouchoka mwenyewe.

Habari ya Musyoka na pombe haikuwa siri. Ilikuwa ndiyo kazi yake ya pili. Kwa miaka minane alikuwa mchoma nyama wa baa moja kando ya barabara ya Mombasa, na katika miaka hiyo alikunywa mpaka akaanguka juu ya jiko na kuungua mkono wa kushoto. Aliokoka akiwa bado na bandeji. Aliacha baa, akafungua duka, na tangu siku hiyo kanisa halikumwacha apumue. Kila kulipokuwa na mkutano, au wageni, au vijana wa kuonywa, Mchungaji aliita: "Ndugu Musyoka, njoo utoe ushuhuda." Naye alikwenda mbele. Nilimsikiliza mara nne kati ya Januari na Machi, nikiwa nimekunja mikono katika benchi la nyuma. Alieleza jinsi chupa ilivyotoka jasho ikitolewa kwenye friji. Alieleza povu, na ule uchungu wa kwanza nyuma ya ulimi, na jinsi mfupa wa mbuzi unavyokuwa mtamu zaidi ukiwa na kitu baridi cha kuusindikiza. Watu walitikisa vichwa kwa huruma. Mimi niliona mtu anayesimulia mapenzi yake, na nikajisemea: huyu hajafunguliwa chochote, anaigiza, na wote hawa wanaigiza pamoja naye. Hapo nilikuwa sahihi nusu. Kosa langu lilikuwa nusu ya pili. Kwa kuwa uponyaji ulikuwa hadithi, niliamua kwamba na ugonjwa pia ulikuwa hadithi.

Kitu kimoja tu alikuwa ametoka nacho kwenye maisha yale ya zamani: jiko lake. Lilikuwa nusu ya pipa la mafuta lililokatwa kwa urefu, likasimamishwa kwenye miguu ya nondo, na kila Jumapili baada ya ibada alilikokota hadi chini ya mti wa mwarobaini nyuma ya nyumba akachoma mbuzi. Waumini watano sita walikuja, wakala kwa ugali na kachumbari na soda ya machungwa. Musyoka hakuruhusu mtu mwingine aguse koleo. Alinyunyiza maji ya chumvi kwa kutumia tawi, akaisogeza nyama mbali na moto mafuta yalipoanza kudondoka, na aliikata juu ya ubao kwa kisu ambacho hakikukata kitu kingine. Wageni walikula kama watu wanaokula popote. Walizungumza juu ya mvua na karo. Wanawake waliokuwa wakiosha sahani kwenye karai walinisema nikiwa nimesimama umbali wa hatua tatu. "Huyu msomi wenu huwa anaomba kweli?" aliuliza mmoja. "Anaomba kimya," akajibu Mama Ndinda. "Basi Mungu naye amjibu kimya, maana kazi haijaja." Wakacheka mpaka karai likamwagika. Mimi nilimtazama Musyoka akila ubavu peke yake kando ya jiko, soda yake ikiwa imejaa vilevile, na nikaona kwamba hakuwa na mtu wa kuongea naye juu ya kitu kimoja alichokijua vizuri kuliko wote waliokuwepo.

Mwezi wa Aprili mama mkwe wa Musyoka aliteleza huko Kitui akavunjika nyonga, na Mama Ndinda akaenda kumuuguza. Ndinda mwenyewe, mtoto wao, alikuwa shule ya bweni. Asubuhi ya kuondoka Mama Ndinda alinikuta jikoni nikichagua mawe kwenye muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa tunayopika na maharagwe, akaketi kwenye kigoda akaanza kuchagua pamoja nami ingawa begi lake lilikuwa tayari mlangoni. "Wifi, mwangalie," alisema. Nikamwuliza nimwangalie vipi, mtu mzima mwenye miaka thelathini na saba. "Usimwache akae peke yake Jumapili jioni, watu wakishaenda. Hapo ndipo hukaa vibaya. Mpe stori. Mpe kazi." Nikasema, kwa ule ujanja wangu, kwamba nilidhani alishafunguliwa. Hakukasirika. Alitoa jiwe dogo kwenye mahindi, akalitazama, akalitupa nje ya mlango. "Kufunguliwa ni kanisani," alisema. "Hapa nyumbani huwa tunamshika."

Nilisikia maneno hayo. Siwezi kusema sikuyasikia. Kwa wiki mbili niliyafuata, nikamweleza stori za chuo na za wateja wa mkahawa, wale waliorudisha divai kwa mpishi wakisema imeharibika ilhali hawakujua ladha yake inavyopaswa kuwa. Ni katika stori hizo ndipo Musyoka aliponiuliza, akipangusa ubao wake, watu hao walikuwa wakinywa hiyo kitu na nyama gani. Nikamjibu kama nilivyofundishwa. Divai nyekundu, ile kavu, ina kitu kinachokausha mdomo, kilekile kilichomo kwenye chai ya rangi ikichemshwa kupita kiasi. Ukiinywa peke yake inakera. Ukiwa na mafuta ya nyama mdomoni, kile kitu kinashikana na mafuta, ulimi unasafishwa, na tonge linalofuata linakuwa kama la kwanza. Aliacha kupangusa.

"Kwa hivyo bia huwa inafanya nini?"

"Bia inapoza tu na kuosha. Hiyo nyingine inajibizana na nyama."

"Inajibizana." Alilirudia neno polepole. "Na mbavu za mbuzi? Za huku kwetu, zenye mafuta ya kule nje?"

"Ndiyo hizo hasa."

"Miaka minane nimechoma nyama, msomi, na hakuna mtu aliwahi kuniambia kwa nini."

Ningeweza kuishia hapo. Badala yake nilienda chumbani nikavuta sanduku. Nimejaribu miaka hii yote kukumbuka kama aliniomba, na ukweli ni kwamba hakuomba. Nilimletea chupa nikaiweka juu ya ubao, na nikampa pia sababu zote kabla hajazitafuta: kwamba hiki ni chakula, si pombe ya baa, kwamba nchi za wenzetu watu hunywa glasi moja mezani na watoto wao wakiwa pale, kwamba hata Maandiko hayajakataza, na kwamba kama dhambi ingekuwa ndani ya zabibu basi ingekuwa pia ndani ya zile zabibu kavu wanazoweka kwenye keki za arusi kanisani. Nilikuwa na raha ya mtu anayeshinda mjadala. Musyoka hakubishana. Aliuliza tu, "Inafunguliwa na nini?" Hatukuwa na kifaa. Tulisukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko, divai ikaruka ikamchafua shati la kanisani, na tukacheka kama watoto walioachwa peke yao. Ilikuwa moto kwa jua la Sultan Hamud, kwa hiyo tuliifunga kwa gunia lililoloweshwa tukaiweka chini ya tangi la maji kwa saa nzima. Alingoja saa hiyo akiwa amesimama. Kisha akakata ubavu mmoja, akautafuna, akanywa kidogo kutoka kikombe cha chai, akafumba macho.

"Mafuta yameenda," alisema. Akala tena, akanywa tena. "Lakini chumvi yangu imekuwa nyingi. Hii kitu inaifanya chumvi ionekane."

Hata leo, nikiwa ninajua yote yaliyofuata, siwezi kuikana ladha ya Jumapili zile tano au sita. Tulikula wageni wakishaenda, saa kumi jioni, kivuli cha mwarobaini kikiwa kimefika ukutani. Alipunguza chumvi. Alijaribu shingo, akasema ni kavu mno, inagombana na divai. Alijaribu paja, akaliacha lipumzike zaidi kabla ya kulikata. Alitafuta mkaa wa mgunga kwa sababu moshi wa mkaa aliokuwa nao ulikuwa mkali ukaharibu kila kitu. Aliongea kuliko nilivyowahi kumsikia akiongea, na aliongea nami kama fundi anavyoongea na fundi. Kikombe kimoja, wakati mwingine kimoja na nusu. Nilikuwa nikipima kwa macho, kwa siri, na kila Jumapili nilijihesabia ushindi: mnaona, anaweza, ni nyinyi mliomtisha. Hao "nyinyi" hawakuwepo kunisikia.

Jumapili ya nne aliniambia jambo. Alikuwa akikwangua jiko kwa mswaki wa waya na hakunitazama. Alisema kwamba mwaka wa kwanza baada ya kuokoka alimwendea Mchungaji ofisini kwake akamweleza kwamba bado anaitamani pombe, kila siku, asubuhi akiamka, na kwamba anapotoa ushuhuda hutamani zaidi, mate yanamjaa mdomoni mbele ya watu. Mchungaji alimshika bega akamwambia asiikane neema. "Sasa nifanye nini?" alisema Musyoka. "Nikisema bado ninaitamani, nimemwita Mungu mwongo mbele ya kanisa lake. Kwa hivyo nimenyamaza." Miaka sita alikuwa amenyamaza, na mtu wa kwanza aliyemfungulia mdomo baada ya Mchungaji alikuwa mimi. Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikamjibu, "Basi labda kweli ni mwongo." Nilidhani ninamfungua. Aliacha kukwangua, akanitazama kwa muda, si kwa hasira, bali kama mtu aliyeuliza njia kwa mgeni. Kisha akanyoosha kikombe chake nimwongezee. Nikamwongezea.

Chupa ziliisha mwishoni mwa Mei. Nilimwambia hiyo ndiyo ya mwisho, naye akasema sawa, kwa urahisi ambao ungenitia shaka kama ningekuwa na akili. Jumapili iliyofuata alichoma nyama, wageni wakaja wakaenda, na nilipotoka nje na sahani nilimkuta amekaa kwenye jiwe akiwa ameshika ubavu ambao hakuwa ameuuma. Nikakumbuka nilichomwambia juu ya chai. Nikaenda jikoni nikachemsha majani mpaka maji yakawa meusi, bila sukari, bila maziwa, nikayapoza, nikamletea kwenye kikombe kilekile. Nilimweleza kwamba kile kinachokausha mdomo kimo humu pia, kwamba kwa upande wa mafuta kazi ni ileile. Alikunywa akiwa na nyama mdomoni, kwa uaminifu, kama mtu anayefanya jaribio. Alitafuna mpaka akamaliza.

"Mwikali," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi aniite kwa jina. "Hii ni chai."

Alianza kucheka, nami nikacheka. Halafu niliona kwamba mabega yake hayakuwa yakicheka tena. Aliweka kikombe chini, akafunika uso kwa ule mkono wake wenye kovu. Mimi, mwenye maneno ya kila kitu, nilisimama pale na sahani.

Siku nane baadaye nilienda kuchota mkaa na mkono wangu ukagusa plastiki. Chini ya gunia la mkaa kulikuwa na chupa ndogo, zile za pombe kali ya bei ya chini, tupu, zikiwa nyeusi kwa vumbi. Zilikuwa kumi na saba. Haikuwa divai, wala hakukuwa na nyama ya kujibizana nayo. Alikuwa akinywa dukani, kati ya wateja. Nilimngoja mlangoni alipofunga duka, na nikamwonyesha moja. Hakukana. "Hiyo yako ilikuwa nzuri," alisema. "Ilinikumbusha tu ile nyingine iko wapi." Nikamwomba twende hospitali, kuna madaktari wa mambo haya, kuna dawa. Akaniuliza kama daktari angekaa naye foleni bila mtu wa kanisa kumwona. Nikamwambia basi tutaenda mbali, Kibwezi, au tuvuke hadi Kitui. "Kitui kuna mke wangu," alisema. "Ngoja arudi. Ngoja kwanza nimwambie mwenyewe."

Mama Ndinda alirudi mwezi wa Juni, amekonda, akiwa na mfuko wa pojo na asali kwenye chupa ya maji. Wiki nzima nilimtazama usoni nikitafuta kama ameambiwa. Alifagia uwanja, akasonga ugali, akanisalimia kama kawaida. Nikaamua kwamba hajui. Na kwa kuwa hajui, niliamua pia kwamba si kazi yangu kumwambia, kwa sababu kumwambia sehemu ya Musyoka kungekuwa kumwambia sehemu yangu.

Agosti kanisa lilikuwa na ibada kubwa ya makutaniko yote huko Nunguni, na jina la Musyoka lilikuwa kwenye mpango. Siku mbili kabla alinikuta nikianua nguo. "Nitawaambia," alisema. "Ukweli wote. Wakishajua, nitaenda hospitali mchana, na sitajali foleni." Alikuwa amenyoa ndevu. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, kwa sababu alikuwa amejizuia tangu asubuhi ili asimame mbele yao akiwa mzima. Nilimwambia ninamwamini. Nilikuwa namwamini kweli. Katika mwaka ule wote wa kutoamini chochote, hicho nilikiamini.

Kule juu Nunguni kulikuwa na baridi na ukungu, na watu walikuja na makoti na mablanketi. Hema lilijaa. Mchungaji alimwita kwa maneno yaleyale, na Musyoka akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Hakueleza povu wala baridi ya chupa. Alisema, "Ndugu zangu, mimi ninakunywa. Sisemi nilikuwa. Ninakunywa mwezi huu, wiki hii. Niliwadanganya. Ninaomba mnisaidie, kwa sababu nikiwa peke yangu siwezi." Hema lilinyamaza mpaka nikasikia maji yakitiririka kwenye bati la jiko la wapishi. Nilimwona Mama Ndinda, safu tatu mbele yangu, amenyoosha mgongo. Kwa muda labda wa pumzi tatu kaka yangu alikuwa amesimama mbele ya watu mia kadhaa akiwa amesema ukweli, na lolote lingeweza kutokea.

Kisha Mchungaji akachukua kipaza sauti. Hakumkemea. Laiti angemkemea. Alimkumbatia akalia, machozi ya kweli, akasema mnaona jinsi adui anavyowapiga watumishi, mnaona unyenyekevu huu, na akaita wazee waje waweke mikono. Wakaja kumi na mbili. Walimzunguka mpaka nisimwone, wakaomba kwa sauti, kwaya ikaanza, watu wakainuka, na baada ya nusu saa wakamwinua kutoka chini, shati likiwa limelowa, na Mchungaji akatangaza kwamba imetoka, imekwisha, leo hii, mbele ya macho yetu. Vigelegele. Wanawake walimfunga leso mabegani. Musyoka alikuwa akitazama huku na huku juu ya vichwa vyao. Alikuwa amewaomba msaada, wakampa ushuhuda mpya, na huu ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Nilikuwa na miguu. Ningeweza kutembea hadi mbele nikasema huyu ni mgonjwa, jana alitetemeka mpaka akashindwa kufunga vifungo, na aliyemrudisha huko ni mimi. Nilikaa. Nilijiambia kwamba hawatanisikia, na hilo huenda lilikuwa kweli, lakini si ndiyo sababu nilikaa. Katika maneno yake yote mbele ya watu hakutaja divai. Hakutaja dada. Aliniacha nje, nami niliona afueni, na afueni hiyo ndiyo iliyonikalisha.

Hospitali hakwenda. Angeendaje mtu ambaye ameponywa mchana kweupe? Kabla ya mwezi kwisha walimwita Kibwezi kutoa ushuhuda wa kufunguliwa mara mbili, halafu sehemu nyingine na nyingine. Alikuwa akinywa kabla ya kwenda na akirudi. Novemba nilipata kazi Nairobi, katika maabara ya kupima maziwa. Alinichomea mbavu siku ya kuniaga. Tulikula na soda, sisi watatu, na alisema chumvi imekolea vizuri, nami nikasema ndiyo, imekolea. Baadaye nilikuwa nikituma dawa za ini nilizoelekezwa na rafiki mfamasia, nikipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili alisema yuko salama.

Baada ya maziko, watu walipokuwa wakipakuliwa chakula, nilimfuata Mama Ndinda kwenye chumba kile cha stoo alikokuwa ameenda kutafuta sahani zaidi. Magunia yalikuwa yameondolewa. Nilifunga mlango nikamwambia yote, nikianzia sanduku, kwa haraka, kama mtu anayetapika. Alisikiliza akiwa amekumbatia sahani kifuani.

"Najua, wifi," alisema nilipomaliza. "Aliniambia mwenyewe. Siku niliyotoka Kitui, kabla sijavua viatu."

"Na hukunifukuza?"

"Nilitaka. Nilikasirika sana, sikudanganyi." Alihamisha sahani kwenye mkono mwingine. "Lakini nikafikiri, huyu angalau ameona. Sasa tutakuwa wawili wa kumshika. Nilikuwa nangoja uje uniambie, tupange. Juni, Julai. Hata baada ya Nunguni nilikuwa bado nangoja."

Nje mtu aliita kwamba sahani zimeisha. Mama Ndinda aliitika, akafungua mlango kwa kiwiko.

"Halafu ukapata kazi," alisema, akatoka kwenda kwa wageni.